Umeona chupa kwenye simu? Tutumie picha, ila tuambie na mambo haya

Jumamosi kuanzia saa kumi jioni, simu ya duka letu la mvinyo hapa Mombasa haitulii. Picha zaingia moja baada ya nyingine: statasi ya rafiki, skrinishoti ya Instagram, video ya TikTok iliyosimamishwa katikati, chupa imeshikwa na mkono wenye kucha za rangi na nyuma yake bahari ya Nyali. Chini ya picha huwa na maneno mawili tu: "Mnayo hii?"

Kazi hii twaipenda, na hakuna anayetusumbua kwa kuuliza. Ila tumejifunza kwamba "ndiyo, tunayo" ni jibu linaloweza kumharibia mteja jioni yake nzima. Picha yaonyesha lebo na rangi. Haionyeshi sukari, wala haionyeshi chupa ilikuwa baridi kiasi gani ilipofunguliwa, na hayo mawili ndiyo yanayoamua kama utaufurahia mvinyo au utaumwaga.

Mwezi wa Februari alikuja dada mmoja wa Bamburi na picha ya Pinotage, mvinyo mwekundu wa Afrika Kusini. Alikuwa ameiona kwa binamu yake aliye Nairobi, nyota nne na ushei kwenye programu ya mvinyo, na sifa ndefu chini yake. Tulikuwa nayo, tukamuuzia, akaenda zake. Jumatatu alirudi na chupa iliyobaki zaidi ya nusu, akaiweka kwenye kaunta kwa upole, akasema, "Kaka, hii ni siki." Tuliionja mbele yake. Haikuwa siki, mvinyo ulikuwa mzima. Tukamuuliza kwa kawaida hunywa nini. Four Cousins nyekundu, ile tamu, na mara mojamoja 4th Street, tamu vilevile. Tukamuuliza aliifungua wapi. Sebuleni, wageni ishirini, feni moja, na chupa ilikaa mezani tangu mchana. Kosa lilikuwa letu. Hatukumuuliza hata moja ya hayo kabla ya kupokea pesa zake.

Tuanze na sukari. Mvinyo hupatikana pale hamira inapokula sukari ya zabibu na kuigeuza kuwa kilevi. Ikimaliza sukari yote au karibu yote, mvinyo huitwa mkavu, ndio huo wengi wetu tunaouita drai. Ikisimamishwa mapema, sukari hubaki na kilevi huwa kidogo. Ndiyo maana mivinyo mitamu ya Afrika Kusini inayopendwa sana hapa Pwani mara nyingi ina kilevi cha karibu asilimia 8, ilhali Pinotage au Cabernet kavu hufika 13 au 14. Ukiona nambari hiyo nyuma ya chupa, tayari umeshajua jambo ambalo picha ya mbele haikukwambia. Tena mvinyo mwekundu mkavu una tanini, inayotoka kwenye maganda na kokwa za zabibu. Unaijua tayari: ni ile chai ya rangi iliyochemka mno ikakubana ufizi. Ulimi uliozoea utamu ukikutana nayo hudhani kitu kimeharibika.

Si ubovu, lakini si lazima uipende. Twaona wateja wakishusha sauti wanapoagiza Four Cousins, kana kwamba wanaomba radhi, kwa sababu kuna mtu mtandaoni amewaambia kuwa mvinyo mtamu ni wa wasiojua. Jina hilo ni la binamu wanne wa ukoo wa Retief, wa shamba la Van Loveren katika bonde la Robertson, na walichokitengeneza kinapendwa na watu wengi kwa haki. Agiza kwa sauti. Na ukitaka kuhama kidogo kidogo, usiruke moja kwa moja hadi Pinotage, zabibu iliyozaliwa 1925 pale Abraham Perold wa Stellenbosch alipochanganya Pinot Noir na Cinsaut. Ni mvinyo wenye tabia yake. Pita kwanza kwa Chenin Blanc, nyeupe yenye utamu kiasi, kisha rosé, ile ya rangi ya waridi, kisha Merlot, nyekundu iliyo laini.

Kwenye mivinyo ya mapovu, lebo yenyewe hupotosha. Chupa iliyoandikwa Extra Dry wengi huidhani ndiyo kavu kuliko zote. Kumbe iliyoandikwa Brut ni kavu zaidi yake: ina sukari isiyozidi gramu 12 kwa lita, na Extra Dry ina kati ya 12 na 17. Anayetaka utamu hasa atafute neno Demi-Sec, kati ya gramu 32 na 50. Harusi ikiwa na meza kumi za wageni wapenda utamu, neno hilo moja laokoa pesa nyingi.

Sasa joto, ambalo kwetu ndilo jambo kubwa kuliko yote. Utasikia kwenye video nyingi kwamba mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba. Chumba gani? Ushauri huo ulizaliwa Ulaya, kwenye nyumba za mawe ambazo chumba kilikuwa na nyuzi 16 hadi 18. Hapa Mombasa wakati wa kaskazi, sebule yenye watu hupita nyuzi 30 bila shida. Mvinyo mwekundu ukinywewa katika joto hilo, kilevi hupanda puani, harufu ya zabibu hufunikwa, na kila kilicho kikali huzidi ukali. Tia chupa yako nyekundu kwenye friji nusu saa au dakika 45 kabla ya kuifungua. Nyeupe na rosé zikae muda wa saa mbili au tatu, hadi zifike nyuzi 8 hadi 12. Ukiwa na haraka, chukua ndoo, tia barafu na maji na kiganja cha chumvi, zamisha chupa hadi shingoni. Maji ni ya lazima, kwa sababu vipande vya barafu peke yake huigusa chupa sehemu chache tu. Dakika 20 zatosha kwa nyeupe.

Chupa isikae juu ya friji, mahali pa joto na mtikisiko, wala kwenye buti la gari lililoegeshwa juani. Mwaka mmoja msafirishaji mmoja aliyatelekeza makatoni yetu ndani ya lori lililofungwa, mwezi wa Machi, mchana kutwa. Tulipoyafungua, vizibo vilikuwa vimesukumwa juu hadi vikainua karatasi ya shingo, na mstari mwembamba mwekundu umetambaa ubavuni mwa chupa. Mvinyo ulikuwa na ladha ya jemu iliyochemshwa. Tuliumwaga wote. Tangu hapo kila katoni inayoingia dukani tunapitisha kidole juu ya kizibo, na stoo ina kiyoyozi kisichozimwa hata usiku. Chupa yenye kifuniko cha kuzungusha, kwa njia, si ishara ya mvinyo duni. Karibu mivinyo yote ya New Zealand hufungwa hivyo, na haipati ile harufu ya katoni lililoloa ambayo vizibo vya gome la mti huleta mara nyingine.

Kuhusu nyota. Vivino, programu inayopendwa kuliko zote kwa kupiga picha lebo, ilianzishwa Copenhagen mwaka 2010, nasi wenyewe tunaitumia. Lakini nyota ni wastani wa ndimi za watu wengi, na wengi wao wameuonja mvinyo katika hali ya hewa nyingine na chakula kingine. Zaidi ya hapo, tazama mwaka. Picha uliyoiona huenda ni ya mavuno ya 2018, na rafuni kwetu kuna 2022. Jina ni moja, ladha si moja. Na kwa kuwa Afrika Kusini huvuna kuanzia Januari au Februari hivi hadi Aprili, na Ulaya kuanzia Agosti hadi Oktoba, chupa mbili zenye mwaka uleule zaweza kupishana umri kwa nusu mwaka.

Hatusemi haya kuidharau mitandao. Duka la mvinyo lililo mbali na miji mikubwa ya mvinyo limefaidika nayo sana. Mwaka 2006 Gary Vaynerchuk, aliyeendesha duka la mvinyo la familia yake kule New Jersey, Marekani, alianza kuonja chupa mbele ya kamera karibu kila siku na kuzungumza kama mtu wa kawaida, na wauzaji wengi, sisi tukiwemo, tulijifunza kwamba mteja hataki misamiati bali anataka kuambiwa ukweli. Kila tarehe 17 Aprili, tangu 2011, alama reli (hashtag) ya Malbec, mvinyo mwekundu, huzunguka dunia nzima, na hata hapa watu huja kuiulizia. Australia kuna mvinyo uitwao 19 Crimes, wenye lebo za sura za wafungwa waliopelekwa huko kutoka Uingereza. Ukiielekezea simu yenye programu yake, mfungwa anaanza kusimulia kisa chake. Vijana wa Mtwapa hununua chupa hiyo kwa ajili ya video kwanza na mvinyo baadaye, na hatuoni ubaya.

Rosé ndiyo inayotutia wasiwasi kidogo. Rangi yake ya waridi kando ya bwawa ni nzuri mno kwa picha, na mivinyo ya Provence, kusini mwa Ufaransa, kama Whispering Angel imepata umaarufu mkubwa kwa sura hiyo. Lakini chupa yake mara nyingi ni ya kioo cheupe, na mwanga mkali hupenya na kuuharibu mvinyo, ukaanza kunuka kama kabichi iliyopikwa. Piga picha yako upesi, kisha irudishe kivulini. Tena hewa ya huku ina unyevu mwingi: chupa ikitoka kwenye barafu, ndani ya dakika mbili imeshatoka jasho na lebo imelowa. Ifute kwa kitambaa kikavu, ishike shingoni, piga ya mbele na ya nyuma.

Na ukiiweka kwenye statasi, andika chini yake mambo matatu: ni tamu au kavu, ilikaa friji muda gani, na mlikula nini. Dada yetu wa Bamburi sasa hufanya hivyo. Picha yake ya mwisho ilikuwa Chenin Blanc, ndiyo zabibu inayolimwa kwa wingi kuliko zote Afrika Kusini, na maneno yake yalikuwa: "Utamu kiasi, friji saa tatu, samaki wa kupaka." Tui la nazi na ukwaju vinataka mvinyo wa namna hiyo hasa. Angenunua mwekundu wa asilimia 14, pilipili ingemuwakia mdomoni maradufu. Watu wanne walikuja dukani na maneno hayohayo, na hakuna aliyerudisha chupa.

Jambo moja la heshima. Mombasa ni mji wa watu kujuana, na si kila aliye mezani angependa mama yake au jirani yake aone glasi mbele yake. Usimweke mtu kwenye picha wala usimtaje jina kabla hujamuuliza. Sisi wenyewe mwezi wa Ramadhani hatuweki picha yoyote kwenye statasi yetu. Anayetuhitaji anajua tulipo.

Basi ukituma picha, tuandikie na bei unayoweza, mvinyo uliowahi kuupenda, na chakula kitakachokuwepo. Kama chupa hiyo hatuna, tutakutumia picha ya mbili zinazokaribiana nayo na kukueleza zinatofautiana vipi. Kila chupa yetu ina stempu ya ushuru ya KRA, na waweza kuihakiki mwenyewe kama ni halali kwa programu ya Soma Label ukiwa palepale kaunta. Hatumuuzii aliye chini ya miaka 18, na mpanda boda wetu ataomba kuona kitambulisho mlangoni, hata kama una mvi. Oda za kisiwani, Nyali na Bamburi zikitufikia kabla ya saa kumi na moja jioni, tunapeleka chupa ikiwa imeshapoa, ndani ya sanduku la barafu. Za Likoni tupe muda zaidi kwa ajili ya feri, na za Mtwapa twapeleka mara mbili kwa siku, saa sita mchana na saa kumi na mbili jioni.