Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Wakufunzi Wetu Wametokea Wapi?

Ndugu wanachama,

Hesabu zimekaguliwa na mweka hazina atazisoma mwenyewe. Hazina utata, sitazigusa. Nafasi yangu naitumia kwa jambo lililotukalisha vikao virefu mwaka huu: wasifu wa wakufunzi wanaofundisha usanifu wa tovuti na midia shirikishi (kazi za picha, sauti na mwendo zinazomjibu mtumiaji) mtandaoni.

Baadhi yenu mlitaka kila mkufunzi awe na shahada ya fani hii. Hoja ina uzito, ila kamati ilipopitia wasifu uliopo ilikuta watu wametoka kila upande: wapiga chapa, wapiga picha, wahariri wa filamu, watengenezaji wa programu, walimu wa sanaa. Wala si ajabu. Tovuti ya kwanza ilifunguliwa kwa umma mwaka 1991, na waliotangulia hawakuwa na chuo cha kuisomea kazi hii. Susan Kare, aliyechora aikoni za Macintosh, kompyuta ya Apple ya 1984, alikuwa amesomea sanaa hadi shahada ya uzamivu. Lynda Weinman, mmoja wa waliotangulia kufundisha fani hii kwa video mtandaoni, alitokea kwenye uhuishaji wa filamu.

Alikotoka mtu huonekana kwenye somo lake. Mkufunzi mmoja aliyetokea kwenye uchapaji anaeleza nafasi kati ya mistari kuliko yeyote tuliyemsikia, kisha anaupa ukurasa upana wa pikseli 960 kana kwamba ni karatasi. Ukiufungua kwenye simu, nusu ya maneno iko nje ya skrini. Mwingine, mtengenezaji wa programu, msimbo wake ni safi kabisa, lakini maandishi yake ya kijivu juu ya weupe yanaumiza macho. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zifikiwe na watu wote, unataka uwiano wa mwangaza kati ya maandishi na usuli wake uwe angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Yake hayafiki hata 3. Hayo hayaandikwi kwenye cheti, tuliyaona kwa kufungua kazi. Sasa wawili hao wanapitiana masomo kabla ya kuyarusha, na kusema kweli wanabishana sana.

Kinachonisumbua zaidi ni umri wa ujuzi. Wapo waliojijengea jina kwa Flash, programu ya kutengeneza michoro yenye mwendo kwenye tovuti, ambayo kampuni ya Adobe iliacha kuihudumia mwisho wa 2020. Wengi wao wamehamia HTML5 na JavaScript, lugha za kujengea tovuti za leo, na jicho lao la mwendo na muda bado ni hazina kwa anayejifunza midia shirikishi. Lakini wachache wameandika tu "uzoefu wa miaka mingi", bila kusema uzoefu wa nini wala uliishia lini. Mwanafunzi anayelipia kozi hawezi kupima chochote kwa maneno hayo.

Kamati inapendekeza kila wasifu utaje kazi alizofanya mkufunzi, sehemu aliyoshika yeye hasa (tovuti hujengwa na wengi, na wote huidai), na mwaka wa kazi yake ya karibuni. Shahada itajwe na aliye nayo, isiwe sharti.

Najua kipengele cha mwaka kitapingwa, na barua mbili kali zimekwisha nifikia. Njooni mpinge mkutanoni. Kura itapigwa kabla ya uchaguzi wa viongozi. Ada ya uanachama inabaki ilivyo.

Mwenyekiti