Pai ya mapeasi ya shira

Tanga

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, natumaini na nyie huko Dar hamjambo. Barua yako nimeipata, na picha nimeitazama vizuri. Kwa juu pai imependeza, lakini kwenye kile kipande ulichokata kuna mstari wa kijivu pale chini, unga mbichi. Usiilaumu oveni. Hayo ni maji ya mapeasi. Katika pai ya namna hii karibu kila kinachoharibika kinaletwa na maji, kwa hiyo nitakuandikia nikiyafuata hayo maji tangu kwenye tunda mpaka kwenye sahani.

Hii pai ni ya Wafaransa, wanaiita Bourdaloue, kwa jina la mtaa mmoja wa Paris: ganda la siagi, krimu ya lozi, na mapeasi yaliyopikwa kwenye shira yakapangwa juu. Lozi kwetu bei yake haishikiki na korosho tunazo, basi mimi nakuandikia kwa korosho. Mfaransa akinuna, shauri yake.

Tuanze na tunda. Ukipata mapeasi ya Lushoto, yale yanayouzwa barabarani pale Mombo, chukua hayo uache yale laini ya dukani yanayotoka nje. Ya dukani ni matamu kuyala hivyohivyo, lakini ndani ya shira yanapondeka kabla hujageuka. Ya Lushoto ni magumu, yana chengachenga karibu na mbegu, na ndiyo yanayovumilia moto. Chagua yaliyokomaa ila bado yamekaza. Bonyeza karibu na kikonyo, usibonyeze tumboni, kwa sababu peasi huanza kuiva kwa ndani. Ukisubiri tumbo lilainike, moyo wake umeshakuwa kahawia.

Chukua manne makubwa au sita madogo. Menya, kata nusu kwa urefu, toa mbegu kwa kijiko cha chai pamoja na ule mshipa unaopanda hadi kwenye kikonyo. Kila nusu unayomaliza itupie kwenye bakuli la maji yenye ndimu, la sivyo yatakuwa meusi.

Shira: maji lita 1, sukari gramu 300, kijiti kimoja cha mdalasini, karafuu 3, na ganda la limau lisilo na ule weupe wake mchungu. Karafuu usizidishe, pai itanuka kama dawa ya meno. Na hii si shira ya kaimati. Shira nzito huvuta maji kutoka kwenye tunda, peasi linasinyaa na kuwa gumu hata ukilipika saa nzima. Ikiwa nyepesi sana nayo, utamu wa peasi unahamia kwenye sufuria na wewe unabaki na tunda lisilo na ladha.

Sukari ikishayeyuka tumbukiza mapeasi, kisha kata karatasi ya kuokea kwa umbo la sufuria, itoboe katikati, uilaze juu yake. Mapeasi huelea, na upande unaobaki nje ya shira hauivi sawa na hubadilika rangi, karatasi inayazamisha. Moto uwe mdogo, uone vipovu vichache vikipanda pembeni basi. Shira ikitokota kwa nguvu, kingo za tunda zinachanika wakati katikati bado bichi. Peasi la kawaida huchukua dakika 15 mpaka 25. Lile gumu la Lushoto linaweza kufika 40. Usiamini saa, chukua ncha ya kisu: iingie bila kusukuma, ila uhisi ukinzani kidogo kule ndani. Epua sufuria hapo, kwa sababu litaendelea kuiva likiwa kwenye shira ya moto. Liache lipoe humohumo, na likilala usiku mzima kwenye friji ndiyo bora zaidi, viungo vinapenya.

Sasa jambo ambalo nadhani uliliruka. Mapeasi yatolewe kwenye shira mapema, yachujwe kwenye chujio, halafu yalazwe kifudifudi juu ya kitambaa safi kwa saa moja nzima. Lile shimo ulilotolea mbegu linabeba shira nyingi kuliko unavyodhani. Baada ya hiyo saa inua nusu moja: kitambaa kitakuwa kimelowa. Hayo maji yote yangeishia kwenye ganda lako. Shira iliyobaki usiimwage.

Ganda, kwa chombo cha sentimita 24: unga wa ngano gramu 250, siagi baridi gramu 125, sukari ya unga gramu 80, kiini kimoja cha yai, chumvi kidogo, na maji ya baridi vijiko viwili au vitatu vya chakula. Fikicha siagi ndani ya unga kwa ncha za vidole mpaka ionekane chengachenga, tia sukari, kiini, kisha maji kidogo kidogo. Ukiona inashikana, acha. Mkono wako umezoea chapati, na hapo ndipo penye mtego: chapati unaikanda ili ivutike, hili ukilikanda linavutika vilevile, na ndani ya oveni linajirudi na kuwa gumu. Lifunge, litie kwenye friji saa moja. Kwa joto la Dar usilisukume mchana jikoni kukiwa na moto mwingine. Siagi ikianza kung'aa juu ya donge, lirudishe kwenye friji.

Lisukume unene wa milimita 3, litandaze ndani ya chombo bila kulivuta. Pembe zile za chini ulishushe kwa kulisukuma taratibu. Ukilivuta lifike, litasinyaa kuta zote zianguke. Lichome kwa uma, lirudi kwenye friji nusu saa.

Halafu lioke tupu kwanza. Hii usiikwepe. Weka karatasi juu yake, jaza maharage makavu mpaka kingoni, oka kwa nyuzi 180 dakika 15 hadi 18. Toa maharage na karatasi, rudisha dakika 6 au 8 mpaka sakafu yake ikauke na ianze kuwa na rangi ya dhahabu. Likiwa bado la moto lipake ute wa yai kwa brashi, rudisha dakika moja. Ute unaganda na kuwa kizuizi cha maji. Maharage hayo hayapikiki tena, yatie kwenye kopo uyahifadhi kwa kazi hiihii.

Krimu: siagi laini gramu 100, sukari gramu 100, mayai 2, korosho mbichi zisizo na chumvi gramu 100, unga wa ngano gramu 25. Korosho zisage pamoja na nusu ya sukari, kwa kuwasha na kuzima blenda. Ukiiacha blenda izunguke mfululizo, mafuta yanatoka na unapata siagi ya korosho. Changanya siagi na sukari iliyobaki kwa mwiko mpaka ilainike. Usiipige kwa mashine, maana hewa ikiingia nyingi krimu inafura, inamwagika pembeni, kisha inabonyea katikati. Mayai yasiwe ya baridi, tia moja moja. Krimu ikikatika, tia kijiko cha unga wa korosho, itashikana. Malizia kwa korosho na unga.

Mwaga krimu kwenye ganda lililopoa, nusu ya kina chake tu. Kata kila nusu ya peasi kwa upana, vipande vyembamba, bila kuvitenganisha. Ibonyeze kidogo vilale upande mmoja, ingiza kisu chini yake uihamishe nzima. Upande mwembamba uelekee katikati. Usiyabane mapeasi mengi, krimu inayofunikwa yote haikauki. Oka kwa nyuzi 170, dakika 40 mpaka 45. Imeiva krimu ya katikati inapoacha kutikisika ukisogeza chombo na ikawa kahawia. Pembeni huwahi sana, zisikudanganye.

Dada akitaka kuijaribu kwenye mkaa, inawezekana kwa sufuria kubwa na mawe matatu ndani. Kwa keki tunaweka moto mwingi juu na kidogo chini, lakini ganda hili tupu linataka moto sawasawa chini na juu. Krimu ikishaingia ndiyo apunguze wa chini. Na afunue mfuniko mara mbili tatu mvuke utoke, usije ukarudi kudondokea pai.

Ile shira uliyoiweka ichemshe kikombe kimoja kwa moto mkali mpaka ishike mgongo wa kijiko, upake juu ya pai ikiwa vuguvugu. Pai ipoe kwenye wavu, si juu ya meza, na usiikate kabla ya saa mbili. Friji inalilainisha ganda, kwa hiyo iliwe siku hiyohiyo.

Umeuliza kuhusu mapera: yanafaa, yale magumu ya rangi ya waridi ndani. Toa mbegu zote, dakika 8 mpaka 10 kwenye shira zinatosha. Plamu sikushauri, zinatoa maji mpaka mwisho.

Nisalimie shemeji na watoto. Ukitoa ya pili, ikate kwanza ndipo upige picha, na unipigie kwa upande.

Wako,
Shoga yako wa Tanga