Kisima ndani ya nyumba: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza sisi Marafiki, dhehebu la Kikristo ambalo wengine huliita Wakweka, tuliwasaidiaje watoro wa utumwa kule Marekani. Wengi watakujibu kwa neno moja: imani. Ilikuwapo, lakini mtu anayewindwa anataka maji, viatu, chakula na mahali pa kujificha. Tazama nyumba ya Levi na Catharine Coffin, mume na mke Marafiki waliowaficha watoro, iliyojengwa mwaka 1839 kijijini Newport, Indiana, ambako sasa ni Fountain City.

Kisima kilikuwa ndani, kwenye chumba cha chini ya ardhi. Familia ikionekana inateka ndoo nyingi kuliko idadi yao, jirani ataanza kuhesabu. Ghorofani kuna kimlango kifupi cha kuingilia uwazi mwembamba chini ya paa, wanamoweza kujibanza watu hadi 14. Ukisogeza kitanda mbele yake, hukioni. Gari na farasi vilikaa tayari, na wanawake wa kijiji walikutana kushona nguo, maana wageni walifika na matambara.

Wasaka watumwa wakija, Coffin alidai hati ya upekuzi, kisha uthibitisho wa umiliki. Walipokwenda kuitafuta, wageni walipata muda wa kuondoka.

Sheria ya Marekani ya 1850 kuhusu watoro wa utumwa ilikaza kamba: kumficha mtoro kulikuwa na faini ya hadi dola 1,000 na kifungo cha hadi miezi sita. Mtoro mwenyewe hakuruhusiwa kutoa ushahidi. Kamishna, yaani ofisa aliyeamua kesi hizo, alipata dola 10 akimrudisha mtoro utumwani. Akimwachia, dola 5. Dhuluma iliyoandikwa wazi kabisa!

Lakini usidhani Marafiki wote walikuwa bega kwa bega. Mwaka 1842 Mkutano wa Mwaka wa Indiana, chombo kilichowaongoza Marafiki wa huko, uliwazuia wapinga utumwa kama Coffin kushika nyadhifa. Mwaka uliofuata wapinga utumwa hao wakajitenga, wakaanzisha mkutano wao. Na kabla Coffin hajaanza kazi hiyo Newport, watu weusi huru wa hapo ndio waliokuwa wakiwapokea watoro. Uwezo wao ulikuwa mdogo, hivyo wengi walikamatwa tena. Ukisimulia habari hizi, anza na hao.

Umtaje pia William Still wa Philadelphia, mtu mweusi huru aliyewasaidia watoro, mtoto wa wazazi waliokuwa watumwa. Mwaka 1850 alifika ofisini kwake mtu akitafuta wazazi wake. Katika kumhoji, Still akagundua ni Peter, kaka yake aliyeachwa utumwani kabla yeye hajazaliwa. Ndiyo maana aliandika kwa makini majina na asili za waliopita kwake, ili ndugu waweze kutafutana.

Mama yako