Mpwa wangu, kabla hujalipia hiyo Landrova

Mpwa wangu,

Marahaba. Picha zako kumi na moja zimefika na nimeziangalia zote, miwani nimevaa. Rangi imependeza. Tairi nene, taa mpya, na hilo turubai la khaki limekaa kama sare ya shule mwezi wa Januari. Umeniandikia, "Mjomba, ni kama ile ya babu kabisa," na kwamba mwenye nayo amekupa mpaka mwisho wa mwezi. Nimeamua kukujibu hadharani maana hauko peke yako. Siku hizi kijana akishika mshahara wa maana hapo Dar, cha kwanza anatafuta Landrova ya babu yake.

Ya babu yako ilikuwa 109, Series III, pikapu ya turubai, petroli, cc 2,286. Hiyo 109 watu huitamka kama jina la mtakatifu, kumbe ni inchi tu, kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Aliipata mnadani mwaka 1982, na nadhani waliokuwa wanaiuza walishukuru Mungu kuliko yeye. Pikapu zile tenki liko chini ya kiti cha mbele, na lake lilianza kuvuja hata mwaka haujaisha. Kuchomelea ilikuwa hatari, tenki jipya halikuwepo nchini, kwa hiyo dawa ikawa sabuni ya mche. Unakata kipande, unakifinyanga kwa vidole mpaka kilainike, unakandika penye unyevu, unangoja kidogo. Baada ya wiki mbili unarudia. Babu yako alikalia petroli hivyo kwa miaka kumi na saba, sigara mdomoni. Bibi yako hakupanda mbele hata siku moja, na wewe ulidhani anapenda kukaa nyuma na wajukuu.

Spea miaka ile zilikuwa shida kuliko unavyoweza kufikiria wewe unayeagiza kwa simu. Nchi haikuwa na fedha za kigeni, tairi lilikuwa kitu cha kuandikia barua na kungoja miezi. Mwaka 1983 ulipokuja msako wa wahujumu uchumi, yaani walioshukiwa kuficha na kulangua bidhaa, Sokoine akiwa Waziri Mkuu, mzee, huyo babu yako, alikuwa na tairi mbili mpya ghalani, nyuma ya magunia ya mahindi. Alizipata kihalali kabisa, ila risiti haikuonekana, na nani angekaa kumsikiliza? Usiku aliniamsha nimshikie taa ya chemli. Tukazifunga, halafu saa nane za usiku akaliendesha gari kwenye tope la bondeni, mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka tairi zikaonekana zina miaka mitatu. Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Asubuhi nikalala darasani nikachapwa, na sababu sikuweza kuisema.

Sasa tuje kwenye Krismasi ya 1994, ambayo kila ukija unaisimulia kama safari bora ya maisha yako. Mzee alikuwa ameshuka Dar kuwachukua wewe na mama yako. Ulikuwa na miaka sita. Unakumbuka vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, unakumbuka upepo kwenye turubai na jinsi tulivyosimama Kitonga "kuangalia bonde".

Hatukusimama kuangalia bonde. Tulikuwa katikati ya mlima, gia ya pili, rejeta inachemka, ghafla ukasikika mlio chini kama mtu amevunja muwa. Injini inanguruma, gari haliendi. Ekseli ya nyuma imekatika. Mzee akakanyaga breki, akavuta hendibreki, akafungua mlango ashuke. Gari likaanza kurudi nyuma.

Fundi yeyote wa Landrova atakueleza kwa nini. Hendibreki ya gari lile haishiki matairi. Inashika shafti inayotoka kwenye gia boksi kwenda nyuma. Ekseli moja ikikatika, shafti utaikaza hadi ukome, lakini difu, zile gia zinazogawa nguvu kwa matairi mawili ya nyuma, inayaacha matairi yazunguke yatakavyo. Ulikuwa nyuma ya lile gari, umelala juu ya gunia, mguu wako kwenye mapaja ya bibi. Mzee akajirusha ndani kutafuta breki ya mguu. Mimi kazi yangu ilikuwa jiwe. Gari lile lilikuwa na jiwe lake, tulilibeba tangu Mafinga. Nikaliweka, likateleza kwenye lami. Nikalifuata nikaliweka tena kwa mikono miwili, likauma. Kidole changu hiki kisicho na kucha, ulichowahi kuniuliza mbele ya wageni, kucha yake ilibaki hapo.

Nyuma yetu lilikuwa lori la mizigo. Dereva wake alishuka akatuangalia, akatema mate, akasema, "Mzee, mshukuru kijana." Mzee hakumjibu. Alichomoa vipande vya ekseli, akakandamiza kile kirungu cha njano kinachoingiza gia ya mbele, na tukapanda Kitonga mpaka Iringa tukivutwa na matairi ya mbele tu. Hapo lazima niwe mkweli: gari jingine lingelala palepale mpaka Mwaka Mpya. Ndiyo maana hata leo nikisikia mlio wake barabarani nageuka kabla sijajijua.

Unaona ninachokuambia. Unaipenda Landrova uliyoiona ukiwa nyuma, na mimi naijua ile ya chini na ya mbele. Zote mbili ni za kweli. Lakini ukinunua hii, hutakuwa tena mtoto wa nyuma. Utakuwa mzee, na nani atakuwa na jiwe?

Ungeniuliza mimi, ningesema nunua pikipiki. Unacheka, lakini kitu pekee cha zamani nilichokimiliki bila kugombana nacho ni Honda CG125 niliyonunua mtumba mwaka 1996. Aina ile ilitoka 1976, na walioiunda walitufahamu. Waliona huku kwetu oili habadilishi mtu na taimingi cheni, ile ya ndani ya injini, inakumbukwa ikishakatika, basi wakaiondoa hiyo cheni kabisa, wakaweka fimbo za kusukuma valvu. Cheni ya nyuma nayo wakaifungia ndani ya kava, vumbi lisiifikie. Hizi bodaboda nyingi za Kichina unazopanda kwenda kazini, injini zake ni watoto wa ile. Yangu ilikuwa inanidai oili lita moja na plagi, basi. Niliwahi kuiacha miezi mitatu chini ya mwembe, kuku wakataga kwenye kiti, nikarudi nikapiga kiki mbili ikawaka. Niliiuza kwa ajili ya ada. Baadaye niliiona stendi ya Mafinga, kiti kimerefushwa, imepakia mama, watoto wawili na godoro. Sikuisogelea.

Haya, najua utanunua tu. Una kichwa cha babu yako.

Basi sikiliza. Usidanganywe na bodi, bodi ya Landrova sehemu kubwa ni aluminiamu, haishiki kutu kama chuma, itakung'aria hata kama chini hakuna kitu. Chasisi ndiyo chuma, nayo huoza kuanzia ndani. Inatakiwa kugongwa kwa nyundo ndogo, kipande kwa kipande, hasa nyuma panapofungwa springi. Ikilia kama kengele, sawa. Ikilia kama debe la mafuta ya kula, tunamuaga mwenye nayo kwa adabu. Na Bagamoyo yako ya wikiendi kwenda na kurudi ni kama kilomita 130. Gari lile linakunywa lita moja kwa kilomita tano au sita. Hesabu umesoma wewe.

Jumamosi usiende peke yako. Nitakuja na basi la alfajiri, nyundo nitakuwa nayo. Mwenye nayo akikataa tugonge, utaninunulia supu tu nirudi zangu.

Hendeli ya babu yako ya kuwashia bado ipo. Bibi yako huwa anaegeshea mlango wa stoo wakati wa upepo. Nilitaka nije nayo, nikaona nikuze kwanza ile picha ya nne. Hilo bampa jipya walilolifunga, sijaona tundu la hendeli.

Mjomba wako,
Mafinga