Kabla hamjawasha injini, someni majina

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu nikiwa msichana na sijawahi kuliandikia, hata Januari ile ya 2016 nilipokuwa na mengi ya kusema. Lakini ripoti yenu kuhusu msafara wa pikipiki wa kuwakumbuka wanajeshi wetu waliofia vitani imenishinda kunyamazia. Mmejaza picha kurasa mbili. Nimezitazama zote: mabuti, jaketi za ngozi, bendera zilizofungwa nyuma ya viti, sinia za nyama choma. Jina la marehemu hata mmoja sikuliona.

Mwandishi wenu anasema wenye magari katika Ngong Road walisimama kwa heshima. Mimi nilikuwamo katika mojawapo ya magari hayo, na hatukusimama, tulisimamishwa. Nilikuwa nimempokea mama mjini alfajiri, ametoka Mumias kwa basi la usiku, miguu imemvimba, tukapanda matatu ya kwenda Ngong. Tulipofika Adams askari wa trafiki akainua mkono, na hapo tukakaa hadi abiria wakaanza kumgombeza dereva, utadhani ndiye aliyefunga barabara. Pikipiki zikapita kwa makundi, zile kubwa ambazo bei ya moja inajenga nyumba huko kwetu, na kila aliyetufikia akaona ni lazima aingurumishe injini. Mama akamuuliza makanga kuna nini. Makanga akamjibu, "Tulia shosho, ni watu wa pikipiki, wanakumbuka wanajeshi waliokufa Somalia." Mama akauliza, "Wanamkumbuka nani?" Matatu nzima hakukuwa na wa kumjibu.

Huyo mama ndiye aliyemzaa mdogo wangu, na mdogo wangu alikuwa katika kambi ya jeshi letu ya El Adde, Somalia, tarehe 15 Januari 2016, Al-Shabaab walipoivamia. Mnakumbuka ilivyokuwa. Picha zilikuwa zimeshaenea kwenye simu kabla serikali haijatuambia lolote la maana. Tuliambiwa tusubiri vipimo vya DNA. Ikafanyika ibada kubwa Eldoret, katika kambi ya Moi, marais wa Nigeria na Somalia wakahudhuria, hotuba zikatolewa, lakini idadi kamili ya waliokufa serikali haijaitangaza. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 27 Januari 2017, ikaja Kulbiyow, kambi yetu nyingine huko huko Somalia, nayo ikavamiwa, na mabishano ya idadi yakaanza upya. Sasa mtu anapojitokeza na kuniambia anawaenzi walioanguka, mimi nina haki ya kumuuliza: wangapi? Ni akina nani? Mmoja wao alikuwa anaitwaje, alitoka kijiji gani, aliacha watoto wangapi? Kama hujui, basi unachofanya ni matembezi ya Jumamosi. Hayana ubaya, ila yaite matembezi. Na hata huko ninyi wa pikipiki mlikoishia, kwenye makaburi ya vita ya Ngong Road, wamelala watu wa Vita vya Pili vya Dunia. Mungu awarehemu, lakini mdogo wangu hayuko hapo. Yuko nyumbani kwetu, kando ya migomba, na hakuna pikipiki iliyowahi kufika.

Mtindo huu wa kukumbuka kwa jumla tuliurithi. Nendeni Kenyatta Avenue mkatazame zile sanamu tatu za Vita vya Kwanza. Sanamu zipo, maandishi ya kuwasifu askari na wapagazi wa Kiafrika yapo, majina yao hayapo. Aprili 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Mkoloni alikuwa na sababu zake. Sisi sababu yetu ni nini?

Na hapo Adams nilijiuliza jambo lingine. Kijana wa bodaboda akithubutu kuingia katikati ya jiji na abiria, kanjo, wale askari wa kaunti, wanamkimbiza, wanamnyang'anya pikipiki, na kuitoa ni hadi aende na pesa. Hawa wengine polisi wanawafungia barabara na kuwapigia saluti. Nataka kuelezwa tofauti ni ukubwa wa injini au ni mtaa mtu anakolala. Waliomsindikiza mdogo wangu hadi kaburini walikuwa bodaboda wa shopingi senta yetu, kwa mafuta yao wenyewe, na hakuna gazeti lililowapiga picha.

Ripoti inasema pesa za kujiandikisha na za fulana zitaenda kwa familia za mashujaa. Zipi? Sisi ni familia na simu yetu inashika. Mama hakuja Nairobi kutalii. Alikuja kwa sababu ya karatasi za mjukuu wake, mtoto wa marehemu, na Jumatatu tulikuwa kwenye foleni ya ofisi moja hapa mjini ambako faili huonekana leo na kesho haionekani. Tuliambiwa tulete barua ya chifu. Tulikwisha kuileta. Tukaambiwa tulete mpya.

Kwa hiyo nina ombi kwa waandaaji, maana nasikia mwakani mnarudia. Msiende Ngong Road. Chagueni Jumatatu, saa mbili asubuhi, mje mkusanyike nje ya ofisi hiyo, nitawaelekeza. Kila mwenye pikipiki ampakie mjane mmoja au mama mmoja, na faili lake kwenye mfuko wa plastiki. Mgongoni mwa jaketi mtoe nembo ya klabu, muweke jina la marehemu na kikosi chake. Halafu hizo injini mlizotungurumishia sisi, ngurumisheni chini ya madirisha yao mpaka faili la mwisho litoke kabatini. Barabara ikifungwa siku hiyo nitakaa ndani ya matatu bila kunung'unika.

Nafasi moja mtuwekee. Mama ni mzee lakini pikipiki anapanda, mradi anayeendesha asiende mbio, na helmeti mje nayo.

Dada wa marehemu,
Ngong Road, Nairobi