Barua kwa baba mdogo: kamwambie daktari habari za kaka yako

Baba mdogo, shikamoo.

Mara mbili nimekupigia simu nikueleze haya, na mara zote mbili nikaishia kuuliza habari za shamba na kuaga. Kwetu mtoto haulizi baba yake habari za mkojo. Basi naandika, na naandika hadharani kwa kuwa akina baba wadogo kama wewe ni wengi.

Unakumbuka marehemu Baba alivyolalamikia kiuno mwaka mzima. Tulimkanda kwa maji ya moto, tukamchua, akanywa mizizi. Usichokijua ni ile ndoo ndogo ya bluu yenye mfuniko, chini ya kitanda chake. Aliiweka kwa sababu usiku alikuwa akiamka mara nne, tano. Mama aliimwaga kabla hatujaamka, hakumwambia mtu.

Nilimsindikiza kwa daktari. Alikuwa binti, rika la mdogo wangu. Akauliza kwa adabu, "Mzee, mkojo unatoka vizuri?" Baba akajibu, "Huko sina tatizo, mwanangu. Ni kiuno tu." Ndoo nilikuwa naijua, nikanyamaza. Tukarudi na vidonge vya maumivu. Ilipokuja kugundulika kuwa ni saratani ya tezi dume, ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa ya mgongo.

Wewe na Baba ni tumbo moja, na mwaka huu umetimiza 56. Mtu ambaye baba au kaka yake aliugua saratani hii, hatari yake ya kuipata ni kama maradufu ya mwingine. Isitoshe, sisi watu weusi hutupata zaidi, tena mapema zaidi. Najua utasema, "Mbona mimi nakojoa vizuri?" Ndipo penye mtego. Ikiwa changa, mara nyingi haina dalili yoyote. Na wazee wengi wanaokojoa kwa shida wana tezi iliyotanuka kwa umri tu, wala si saratani. Ukisubiri mwili ukuambie, utachelewa kama tulivyochelewa.

Siku ile pale kwenye kahawa mlikuwa mnacheka habari za daktari kupima tezi kwa kidole, kupitia njia ya haja kubwa. Nakuheshimu, Ba'mdogo, lakini kicheko kile kiliniuma. Kipimo cha kuanzia ni damu ya mkononi, kinaitwa PSA. Daktari akiona haja ya kupima kwa kidole atakueleza kwanza, na hakichukui hata dakika mbili. Ukipenda, omba daktari mwanaume.

Ila damu peke yake haitoshi, ndiyo maana nasisitiza mazungumzo. PSA hupanda hata kwa maambukizi ya njia ya mkojo au tezi kutanuka tu. Kwa hiyo ikija juu usidhani umehukumiwa. Muulize daktari kama mtarudia, kama kuna haja ya picha, au ya kuchukua vinyama vya tezi. Saratani huthibitishwa kwa vinyama hivyo. Na ikithibitishwa, muulize ni ya aina gani. Zipo zinazokwenda polepole kiasi kwamba mgonjwa hufuatiliwa tu kwa vipimo, bila kukatwa wala kuchomwa mionzi, maana matibabu nayo yanaweza kuleta mkojo kuvuja na kupungukiwa nguvu za kiume. Hilo la mwisho ulize bila aibu, ni haki yako wewe na Mama mdogo. Mzee Mandela aligundulika mwaka 2001 akiwa na miaka 83, akapata mionzi, akaishi hadi 2013.

Kabla ya yote, mwambie daktari habari za kaka yako: aliugua nini, akiwa na miaka mingapi. Baba aligundulika akiwa na 61. Taja na dawa zote unazotumia, za hospitali na za miti shamba.

Nafika Tanga Jumamosi kwa basi la asubuhi. Siku mbili kabla ya kipimo madaktari wengi hushauri mtu asiendeshe baiskeli wala asikutane na mkewe, maana vyote hivyo vinaweza kupandisha PSA. Kwa hiyo baiskeli naiomba ipumzike tangu Ijumaa jioni. Jumapili sokoni nitakwenda mimi. Jumatatu tutapanda daladala pamoja. Ukitaka niingie nawe kwa daktari nitaingia, na safari hii sitanyamaza. Ukitaka nikungoje nje, nitakaa kwenye benchi.

Mwanao.