Barafu na Dodoma wapi na wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo lililonikaa moyoni tangu nilipomsindikiza binti mmoja, niliyewahi kumfundisha hisabati chuo kikuu, kwenda kufuatilia ruhusa ya masomo katika ofisi ambayo sitaitaja. Binti huyo alikuwa amepata nafasi ya shahada ya uzamivu huko Ulaya, kwenye utafiti wa tabianchi ya kale na modeli, yaani maigizo ya kompyuta yanayofuata kanuni za hisabati, za ngao za barafu, yale matabaka makubwa yaliyoifunika Greenland na bara la Antaktiki. Ofisa aliyetupokea, kijana mwenye adabu, aliisoma barua, akaigeuza, akaisoma tena, kisha akasema, "Mzee wangu, barafu na Dodoma wapi na wapi? Huku kwetu barafu ni zile za ukwaju pale stendi." Tulicheka wote watatu. Hata hivyo, kwenye fomu, mahali palipoulizwa uhusiano wa masomo hayo na vipaumbele vya taifa, aliandika "hakuna", na tarehe ya mwisho ya kuithibitisha nafasi ikapita faili likiwa bado mezani.

Neno hilo moja ndilo ninalotaka kulijibu.

Nyuma ya nyumba yangu nina kipima mvua ambacho hukisoma kila siku saa tatu asubuhi. Dodoma hupata wastani wa milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na kuanzia Mei hadi Oktoba ninachokung'uta kutoka kwenye chombo hicho ni vumbi na wadudu waliokufa. Mvua yetu hutegemea mkanda wa mvua wa tropiki, ambao hulifuata jua linapokuja kusini, na mkanda huo haujatulia katika historia ya dunia. Mashapo ya maziwa na ya bahari yanaonyesha kwamba, kuelekea mwisho wa enzi ya barafu, ngao za kaskazini zilipomwaga barafu na maji baridi katika Atlantiki, mzunguko wa maji ya bahari hiyo ulidhoofika na mpangilio wa mvua za Afrika ukavurugika. Ziwa Victoria lilikuwa limekauka yapata miaka 16,000 iliyopita. Anayetaka kujua barafu ya mbali inatuhusu nini aanze na ziwa hilo, ambalo leo tunalivua sangara.

Tena si ya mbali yote. Mwaka 2000, kikosi cha Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio kilichoongozwa na Lonnie Thompson kilichoronga barafu ya Kilimanjaro na kuondoka na nguzo sita za barafu, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2002. Kwa hesabu zao, barafu ya chini kabisa ilikuwa na umri wa takriban miaka 11,700, na ndani yake mlikuwa na tabaka la vumbi lenye unene wa milimita 30 hivi, ambalo walilihusisha na ukame mkubwa wa miaka 4,000 iliyopita. Milimita 30 ni upana wa vidole viwili. Sisi tunaofuta vumbi la Septemba kwenye madirisha asubuhi na kulikuta tena jioni tunaweza kukisia inahitaji ukame wa namna gani hadi vumbi lilale kwa unene huo juu ya kilele kile. Wapo wataalamu wanaoshikilia kwamba barafu hiyo ni changa kuliko ilivyodaiwa, na ubishi huo ungemfaa sana Mtanzania mwenye shahada ya uzamivu, lakini nguzo zenyewe zimehifadhiwa Columbus, Marekani, na mlimani eneo la barafu lilikuwa limepungua kwa takriban asilimia 80 kati ya 1912 na 2000. Siwalaumu waliokuja kuchoronga. Wasingekuja, tungekuwa tumezipoteza kurasa hizo za historia ya hali ya hewa yetu bila kuzisoma.

Vijana wengi niliozungumza nao huogopa wakidhani watapelekwa kuishi kwenye baridi kali. Kwa kweli mwenye kutengeneza modeli hukaa zaidi mbele ya kompyuta. Barafu, ijapokuwa tunaiona ngumu, inapokuwa na unene wa kilomita mbili au tatu hutiririka kwa uzito wake yenyewe, polepole mno, na haitiririki kama maji: msukumo ukiongezeka mara mbili, kasi ya kubadilika umbo huongezeka karibu mara nane. Juu ya kanuni hiyo mtafiti huongeza joto, theluji inayoanguka, msuguano kwenye mwamba na bahari inayoguguna kingo, kisha huijaribu modeli yake kwa kuirudisha nyuma. Je, inaweza kuonyesha dunia ya miaka 21,000 iliyopita, bahari ilipokuwa chini kwa takriban mita 120, au ile ya miaka 125,000 iliyopita, ilipokuwa juu ya kiwango cha leo kwa mita sita hadi tisa? Ikishindwa hapo, sioni kwa nini Kigamboni au Unguja waamini inachotabiri kuhusu mwaka 2100. Greenland pekee ina barafu ya kutosha kuinua bahari kwa takriban mita saba, na kwa sababu uzito wake huyavuta maji kuelekea kwake, ikiyeyuka bahari hushuka jirani nayo na kupanda zaidi huku mbali tuliko sisi.

Programu nyingine za kazi hii ni huria. Mojawapo, iitwayo PISM, binti yule aliiendesha sebuleni kwangu kwenye kompyuta mpakato ya zamani, akalitazama kuba la barafu la kufikirika likitanuka kwenye skrini kama ugali mlaini uliomwagwa kwenye sinia. Umeme ulikatika mara mbili, na mara zote mbili alianza upya bila kunung'unika.

Nafasi zipo, hasa kwenye vituo vya utafiti vya Bergen (Norway), Utrecht (Uholanzi), Potsdam na Bremerhaven (Ujerumani). Nchini Norway, Sweden na Uholanzi mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida ni mwajiriwa anayelipwa mshahara. Mitandao ya uzamivu ya Marie Skłodowska-Curie, inayofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, hupokea watu wa uraia wowote, mradi mwombaji hajaishi katika nchi anayokwenda kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyotangulia, sharti ambalo kijana aliyekulia Nkuhungu analitimiza bila jasho. Panapowaangusha wetu ni barua ya maombi. Nimesoma nyingi zinazoanza na jina la shule ya msingi na kumalizia kwa kumwombea profesa baraka, bila kutaja mlinganyo mmoja ambao mwombaji aliwahi kuutatua.

Wizara zote sasa ziko hapa Dodoma, na chuo kikuu chetu kimekuwapo tangu 2007. Naomba wahusika waruhusu sehemu ile ya fomu ijazwe na mwombaji mwenyewe, na idara za hisabati na fizikia ziwape wanafunzi wa mwaka wa mwisho japo mradi mmoja wa modeli ya barafu, kwa kuwa hauhitaji maabara.

Binti ameomba nafasi nyingine, na barua yangu kama mdhamini wake imekwishatumwa. Safari hii tumeambatanisha ukurasa mmoja kuhusu mkanda wa mvua na Ziwa Victoria, na nakala yake nimeipeleka mapema kwa yule ofisa, ambaye aliipokea kwa mikono miwili na kuahidi kuisoma.

Mhadhiri mstaafu wa hisabati,
Dodoma.